Mtoto wa Kuokotwa Naye Ana Mama

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo tunaikubali, ila twaona kuwa mara nyingi hutumiwa kumsifu mlezi na kumsahau mzazi. Mtoto anapookotwa mlangoni, watu huuliza nani atamlea. Ni wachache wanaouliza jambo gani lilimlazimisha mama yake amwache. Historia ya shirika moja la Kikatoliki la mji wa New York, nchini Marekani, yatuonyesha kwamba swali hilo la pili ndilo zito, na kwamba anayelipa gharama ya kulichelewesha ni mtoto.

Mwaka 1869 New York ulikuwa mji wa bandari uliojaa wahamiaji mafukara, wengi wao kutoka Ireland. Watoto wachanga waliachwa kwenye ngazi za nyumba na vichochoroni. Waliookotwa wakiwa hai walipelekwa katika nyumba ya maskini kisiwani Blackwell's Island, na huko wengi walikufa. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo, Sista Irene FitzGibbon na wenzake wa Shirika la Masista wa Upendo walifungua makao ya watoto hao katika nyumba ya kupanga. Yasimuliwa kwamba walianza na dola 5 tu. Waliweka kitanda kidogo mlangoni, ili mama aweze kumlaza mwanawe na kwenda zake pasipo kuulizwa jina. Mtoto wa kwanza alifika usiku ule ule, na mwezi haukwisha kabla hawajafika zaidi ya 40. Huo ndio mwanzo wa shirika liitwalo hadi leo New York Foundling.

Lakini akina mama wale hawakuwa na moyo wa jiwe. Wengi walibandika barua katika nguo za watoto wao. Huyu alitaja jina la mtoto na kuomba lisibadilishwe, yule alieleza kuwa hana kazi wala chakula, mwingine aliahidi kurudi. Barua hizo zimehifadhiwa hadi leo mjini humo, nazo ni ushahidi usiopingika kwamba watoto wengi hawakutupwa kwa kukosa kupendwa. Waliachwa kwa sababu ya ufukara na aibu.

Sista Irene mwenyewe alilielewa jambo hilo. Aliwaomba akina mama wabaki makaoni, kila mmoja anyonyeshe mwanawe pamoja na mtoto mwingine. Kadhalika aliwalipa wanawake wa mjini wanyonyeshe watoto majumbani mwao, maana siku zile maziwa ya chupa yaliua watoto wengi. Hapo palikuwa na mbegu ya hekima kubwa: msaidie mama, nawe umemwokoa mtoto.

Mbegu hiyo haikuota upesi. Makao yalifurika, hata baada ya jengo kubwa kufunguliwa mwaka 1873 kwa msaada wa serikali ya jimbo na michango ya waumini. Masista wakaanza kuwapeleka watoto kwa treni katika majimbo ya mbali, wakalelewe na familia za Kikatoliki zilizotafutwa na mapadri. Kila mtoto alivishwa namba, na mlezi aliyemngoja stesheni alikuwa na namba iyo hiyo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mtoto aliyepanda treni ile alikuwa akiachana na kila njia ya kumrudia mama yake.

Hatari ya mpango huo ilidhihirika Oktoba 1904. Watoto 40 walipelekwa katika miji ya machimbo ya shaba ya Clifton na Morenci, Arizona, wakakabidhiwa familia za Kikatoliki zenye asili ya Meksiko. Wazungu wa huko walighadhibika kuona watoto weupe mikononi mwa Wameksiko. Usiku walizivamia nyumba hizo wakiwa na silaha, wakawachukua watoto. Kumi na tisa walibaki kwa Wazungu; waliosalia waliondoka na masista. Shirika lilikwenda mahakamani. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Arizona iliwapa Wazungu haki, na mwaka 1906 Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa rufaa, ikisema haina mamlaka juu ya shauri hilo.

Sisi twaulaani ubaguzi ule bila kusitasita. Wazazi wa Kimeksiko walidhulumiwa, na masista walidhalilishwa. Lakini tukitazama shauri lote, twaona kwamba walisikilizwa mashirika, walezi, mapadri na mahakimu. Mama waliozaa watoto hao hawakuwa na nafasi yoyote.

Huenda msomaji akatuuliza: je, mtoto anayeteswa nyumbani naye aachwe huko? La hasha. Dakta Vincent Fontana, mganga mkuu wa shirika hilo hilo, alikuwa miongoni mwa walioamsha Marekani juu ya mateso ya watoto, na mwaka 1964 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Lakini yeye naye hakuridhika na kumwondoa mtoto tu. Katika miaka ya 1970 shirika lilianza kuwapokea mama na watoto wao pamoja, ili mzazi atibiwe na kufundishwa malezi chini ya uangalizi. Leo, pamoja na kutafuta walezi, shirika hilo huzisaidia familia majumbani mwao kabla hazijavunjika. Ndiyo kusema limerudi, baada ya zaidi ya miaka mia moja, pale Sista Irene alipomwomba mama abaki.

Fundisho hili si la New York pekee. Popote panapojengwa makao ya watoto, wafadhili hupenda kuona jengo, vitanda na watoto waliovaa sare. Mama aliyesaidiwa kodi ya nyumba na chakula, akabaki na mwanawe, hana picha ya kuonyesha. Twawasihi wote wanaotoa sadaka, na wote wanaosimamia mashirika ya namna hii, wamtafute mama huyo kwanza. Kitanda cha mlangoni kibaki kwa ajili ya yule ambaye kweli hana mtu. Umaskini peke yake usiwe sababu ya mtoto kulazwa humo.