Tunatuma Pikipiki, Suruali Je?



Mdogo wetu akimaliza shule na ajira hakuna, wengi wetu tulio Uingereza, Oman au Marekani tunajichanga tukamnunulia pikipiki. Si jambo baya. Bodaboda imelisha familia nyingi kuliko ahadi za majukwaani. Lakini mimi ni muuguzi, kazi yangu ni vidonda, na hoja yangu ni hii: bei ya pikipiki haijakamilika mpaka ndani yake kuwe na kofia ngumu na suruali ya kinga.

Kofia kwanza, hilo halina mjadala. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ila kichwa kikishanusurika, mguu ndio unaobaki wodini. Lami huchuna ngozi, mchanga ukajikita ndani ya nyama, na kidonda kisiposafishwa vizuri kinaoza. Mwisho wake ni kupandikizwa ngozi iliyotolewa paja la pili. Wiki zinakwenda kijana hafanyi kazi, na mwenye mkataba anadai hesabu yake. Hapo ndipo simu za usiku zinapoanza kutufuata huku. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ndio sisi.

Sasa, suruali gani? Jinzi ya kawaida tusidanganyane, ikikokotwa kwenye lami inatoboka upesi mno. Suruali za nailoni au poliesta nyepesi ni mbaya zaidi, kwa sababu joto la msuguano huziyeyusha zikagandia ngozi. Tafuta ngozi ya ng'ombe iliyo nene, au jinzi iliyofumwa kwa nyuzi za aramidi kama Kevlar.

Usimsikilize muuzaji, soma lebo. Kiwango cha Ulaya ni EN 17092, na madaraja yake ni AAA, AA, A, B na C. AAA ndiyo imara kuliko zote, lakini ni nzito na ina joto. Kwa kijana wa mjini, A au AA inatosha. Daraja B halina pedi za kuzuia kishindo, na C ni la kushikilia pedi tu, halizuii mchubuko. Pedi za goti na nyonga ziwe na alama EN 1621-1. Kisha mvaaji aketi kama yuko juu ya pikipiki: pedi ikihama kutoka kwenye goti, au pindo likipanda juu ya kifundo cha mguu, hiyo si saizi yake. Kabla ya kununua, mwombe akutumie vipimo vya kiuno na mguu.

Wapo watakaosema Dar ina joto, nani atavaa mazagazaga hayo kutwa nzima? Hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana nausifu mpango wa MotoCAP wa Australia na New Zealand, ulioanza mwaka 2018, ambao hupima kinga na pia uwezo wa vazi kupitisha hewa na jasho. Nchi yenye jua kali imeona kwamba vazi lisilovalika halimkingi mtu. Anayeshindwa kabisa na suruali, avae walau vikinga goti vya kufunga kwa mikanda juu ya jinzi nzito.

Tusitie chumvi pia. Suruali haizuii mfupa wa paja kuvunjika ukigongwa na lori. Utafiti wa Liz de Rome na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watu 212 waliopata ajali za pikipiki huko Australia, ulionyesha kuwa waliovaa mavazi ya kinga walilazwa hospitali kwa uchache zaidi. Lakini zaidi ya robo ya suruali zilizochunguzwa zilishindwa kuhimili ajali. Kwa hiyo jina la suruali pekee halitoshi, lazima kuwe na kipimo na wa kukisimamia.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wavae kofia na koti la kuakisi mwanga, ya miguu haimo. Hata Uingereza, iliyolazimisha kofia mwaka 1973, haitozi VAT kwenye kofia ya pikipiki lakini suruali ya kinga inatozwa asilimia 20, kana kwamba ni pambo. Serikali zetu zisiige kosa hilo. Ziyasamehe kodi mavazi ya kinga, na TBS na KEBS wahakikishe hayaingii ya bandia. Mafundi cherehani wetu wanaweza kushona suruali hizi wakipata kitambaa na kipimo. Na tajiri mwenye pikipiki kumi mikononi mwa vijana kumi, awavishe.

Sisi wa ughaibuni tusingoje Bunge. Hapa suruali ya daraja A inapatikana kwa chini ya paundi 100. Atakayetuma pikipiki mwaka huu, aiweke humo humo kwenye hesabu.

Naomba kutoa hoja.