Gari Si Chanjo

Nilinunua gari kwa sababu ya chafya. Ilikuwa 2020, ndani ya matatu kutoka Mlolongo kwenda mjini Nairobi. Serikali ilikuwa imeamuru matatu ya abiria 14 ibebe wanane tu. Nauli ilipanda, lakini askari walipopotea machoni, kondakta alipachika wa tisa na wa kumi. Mtu akapiga chafya nyuma yangu. Jioni hiyo nikaanza kuulizia mkopo.

Mkopo ulipotoka, ofisi ilikuwa imeshatuambia tufanyie kazi nyumbani. Gari likakaa chini ya turubai miezi minane, nami nikililipia kila mwezi.

Tunapenda kusema korona ilitufunza kwamba kazi si lazima iwe na jengo. Ilimfunza nani? Bawabu wa jengo letu hakuwahi kulinda lango kwa kompyuta. Mama mboga hakuuza sukuma wiki kwa Zoom. Wao waliendelea kubanana kwenye matatu, au kutembea. Sisi wachache tuliopewa nafasi ya kuwapunguzia msongamano tuliitumia kununua magari. Tulipoitwa tena ofisini, tukarudi kila mtu na lake, viti vinne vitupu, huku tukilalamikia foleni kana kwamba imeshuka na mvua. Foleni ni sisi.

Utaniambia matatu ni kero: matusi, mwendo wa kichaa, wanawake kupapaswa. Kweli tupu. Lakini wenye sauti wakishuka wote, nani atabaki kudai mabasi ya heshima?

Tulipokuwa tumejifungia, nguzo zilikuwa zikisimikwa kando ya nyumba zetu. Mwaka 2022 barabara ya kulipia ikafunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye gari anapita juu kwa ada. Anayetembea kwa miguu alipata kivuli cha nguzo, na vumbi.

Sisemi uza gari lako. Langu bado lina deni. Nasema tuache kuliita suluhisho. Anayeweza kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki aidai haki hiyo iandikwe kwenye mkataba, isiwe hisani ya bosi. Na sote tudai njia za mabasi na za waendao kwa miguu kwa hasira ileile tunayopigia honi. Bawabu wetu huondoka kwake saa kumi na moja alfajiri. Barabara ni yake pia.