Umeme ukikatika, somo la ordinateri linaendelea?
Umeme wa Uvira unatoka mabwawa ya Ruzizi; ukikatika, ordinateri zinalala. Mwanafunzi wa informatiki afanye nini? Mwaka 1993, Urban Müller wa Uswisi alitunga lugha ya programu yenye alama 8 tu. Wengi wanaiita mchezo, na kweli, haitakupa kazi. Lakini unaweza kuifuata kwa kalamu. Chora visanduku viwili: kimoja kina 2, kingine 3. Toa moja hapa, ongeza moja pale, rudia mpaka kimoja kibaki na 0. Umepata 5, na umeona namna mashine inaweza kujumlisha hatua kwa hatua. Walimu, msingoje umeme ndiyo mwanze. Kalamu haimalizi masomo, lakini inayafungua.