Mafundi wapewe saa za kuweka viraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowaudhi wananchi wengi, nalo ni tangazo lile la kwamba huduma fulani haitapatikana usiku wa Jumamosi kwa sababu ya matengenezo ya mfumo wa kompyuta.

Mara nyingi nimewasikia watu katika mabasi na katika foleni wakililaumu tangazo hilo. Wengine husema mafundi ni wavivu, kwani wangefanya kazi vizuri tangu mwanzo kusingekuwa na haja ya kutengeneza kila mara. Wengine husema tulishawishiwa tuache madaftari ya karatasi, na sasa hata pesa zetu wenyewe hatuwezi kuzitoa. Ndugu Mhariri, uchungu wao naufahamu, lakini lawama wanaipeleka mlango usio wake. Ofisi inayofunga kwa saa nne na kutangaza mapema inafanya kazi yake. Ya kuogopwa ni ile ambayo haijafunga hata mara moja kwa miaka miwili.

Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka 19 nilikuwa mtunza kanzidata katika ofisi moja inayohudumia umma, ambayo sitaitaja. Sasa nimestaafu, na ninalo la kuungama mbele ya wasomaji, lakini nitalifikia baadaye.

Kwa wale ambao hawajapata kuingia katika chumba cha kompyuta nitaeleza kwa kifupi. Kanzidata ni daftari kubwa ambamo majina yetu, mishahara, malipo ya uzeeni, bili na viwanja vimeandikwa. Daftari hilo hutunzwa na programu maalumu, na programu hiyo imeandikwa na binadamu, kwa hiyo haikosi makosa. Kosa likigunduliwa, kampuni iliyoitengeneza hutoa kipande cha programu cha kuliziba. Sisi mafundi hukiita kiraka. Ili kiwekwe, mara nyingi programu lazima isimamishwe na kuwashwa upya, kama vile gari lisivyoweza kufungwa gurudumu likiwa mwendoni.

Jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui ni hili: siku kiraka kinapotangazwa, ufa nao umetangazwa. Mwizi hulisoma tangazo lile lile analosoma fundi, na akikichunguza kiraka anaweza kujua mahali ufa ulipo. Tangu siku hiyo ni mashindano ya mbio baina ya fundi na mwizi. Ofisi inayosema "tutaweka mwakani" imemfungia fundi wake miguu.

Tuchukue mfano ambao watu wa kazi hii wote wanaujua. Mwezi Julai 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika programu yake ya kanzidata iitwayo SQL Server 2000. Miezi sita ikapita. Tarehe 25 Januari 2003, siku ya Jumamosi, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ikiwa kama saa 2:30 asubuhi, akatokea mdudu wa kompyuta aliyepewa jina la Slammer. Mdudu huyo mzima alikuwa na baiti 376 tu, yaani ni mfupi kuliko aya hii moja. Hapo mwanzo idadi ya mashine alizoziambukiza ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5. Katika dakika kumi alikwisha ingia katika zaidi ya asilimia 90 ya mashine zenye ufa huo, na kwa jumla aliambukiza mashine zisizopungua 75,000. Intaneti ya Korea Kusini ilivurugika vibaya. Huko Marekani, Bank of America ilishindwa kuwahudumia wateja katika mashine zake nyingi za kutolea fedha. Katika jimbo la Ohio mdudu huyo aliingia mpaka katika kompyuta za kituo cha nguvu za nyuklia cha Davis-Besse, na bahati njema ni kwamba kinu chenyewe wakati huo kilikuwa kimezimwa.

Kiraka kilikuwapo kwa miezi sita. Kwa nini basi hakikuwekwa? Haitoshi kusema uzembe tu. Hapo mwanzo kukiweka kiraka hicho kulikuwa na usumbufu, kwani fundi alitakiwa kunakili mafaili kwa mkono mashine moja moja. Tena ofisi nyingi zilikuwa na kanzidata hiyo ikiwa imejificha ndani ya programu nyingine walizonunua, wala hazikujua kwamba zinayo. Mtu hawezi kuziba ufa wa chumba asichojua kwamba ni chake.

Miaka 14 baadaye somo hilo lilikuwa bado halijaingia. Mwezi Machi 2017 kilitolewa kiraka cha programu iitwayo Apache Struts, ambayo hutumika kama mlango wa mbele wa tovuti zinazosoma kanzidata. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, ilipata onyo, na amri ikatumwa ndani ya kampuni kwamba kiraka kiwekwe katika saa 48. Mahali pamoja hakikuwekwa. Kati ya Mei na Julai mwaka huo wezi wakaingia kupitia mlango huo na kuzifikia kanzidata nyingine nyingi. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 575. Amri ilikuwapo na kiraka kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuhakiki mashine moja baada ya nyingine na kusema, hapa bado.

Lakini, Ndugu Mhariri, sitaki wasomaji wafikiri kwamba dawa ni kukurupuka. Kiraka nacho kinaweza kuleta maradhi yake. Tarehe 14 Novemba 2024 wenye kutengeneza PostgreSQL, kanzidata ambayo hutolewa bure na hutumika kote ulimwenguni, walitoa viraka vyao vya kawaida. Mara ikaonekana kwamba badiliko moja lingeweza kuvuruga programu za nyongeza ambazo watu wameziambatisha, na siku saba baadaye ikabidi watoe toleo jingine la kurekebisha. Aliyejaribu kwanza katika mashine ya pembeni aliiona hitilafu hiyo bila hasara. Aliyekimbilia kuweka katika mashine ya kazi aliiona mbele ya wateja.

Sasa nifikie lile la kuungama. Katika ofisi yetu tuliomba saa nne za kusimamisha kanzidata ili tuweke viraka vilivyokuwa vimerundikana. Mara ya kwanza tuliambiwa tungoje, wakaguzi wapo. Mara ya pili tukaambiwa ni wakati wa bajeti. Mara ya tatu hesabu za mwaka zilikuwa zinafungwa. Miezi 16 ikapita hivyo. Asubuhi moja, siku mbili kabla ya malipo ya wazee, kanzidata ikakataa kufunguka. Kosa lililoiangusha lilikuwa linajulikana, na kiraka chake tulikuwa nacho tangu mwaka uliotangulia.

Kijana mmoja mwenzetu ndiye aliyekuwa zamu. Wakubwa watatu walimpigia simu mmoja baada ya mwingine. Akaweka kiraka saa sita mchana, watu wamejaa dirishani, bila kujaribu mahali pengine kwanza. Hakikukaa sawa, na tulipogeukia nakala za akiba tukakuta kwamba zilikuwa zikitengenezwa kila usiku lakini hakuna aliyepata kujaribu kuzirejesha. Iliyokubali kufunguka ilikuwa ya siku 11 nyuma. Tukaandika upya kazi ya siku 11 kutoka katika stakabadhi, kwa mkono, muda wa wiki tatu. Namkumbuka mama mmoja mzee aliyekuja kwa nauli ya kukopa. Alilala barazani siku mbili akiingoja pesa yake, kisha akarudi kijijini mikono mitupu.

Kijana yule alipewa barua ya onyo. Wale waliotunyima saa nne kwa miezi 16 hawakuulizwa neno. Na mimi, niliyekuwa na nakala za barua zetu zote za maombi katika faili, nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa karibu na kustaafu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana naandika.

Ombi langu kwa wahusika wote, wa serikali, wa mashirika na wa makampuni, ni haya yafuatayo:

Kwanza, saa za matengenezo ziwe katika kalenda ya mwaka kama zilivyo sikukuu. Viraka havitujii kwa kushtukiza. Microsoft tangu mwaka 2003 ilijiwekea Jumanne ya pili ya kila mwezi, Oracle tangu 2005 ilianza utaratibu wa kutoa viraka vya usalama kila miezi mitatu, nao PostgreSQL hutoa angalau mara moja kila miezi mitatu. Kama ratiba ya mwenye kutengeneza inajulikana, kwa nini ya ofisi ibahatishwe? Na kwa ule ufa wa hatari usioweza kungoja zamu yake, iandikwe mapema ni nani mwenye ruhusa ya kuamuru huduma isimamishwe, hata kama mkubwa yuko safarini.

Pili, kila ofisi iwe na orodha ya kanzidata zake zote pamoja na matoleo yake. Toleo lililozeeka hufika siku likaachwa na mwenye kulitengeneza. SQL Server ya 2014, kwa mfano, iliondolewa katika huduma ya kawaida ya viraka Julai 2024, na anayeendelea kuitumia bila mpango wa kuhama anakaa katika nyumba ambayo fundi wake amekwisha ondoka.

Tatu, iwepo mashine ya kujaribia, yenye programu za toleo lile lile kama ya kazi, lakini majina ya wananchi yafichwe humo. Tusizibe ufa huku tukifungua mwingine.

Nne, kabla ya kuweka kiraka nakala ya akiba ichukuliwe na ijaribiwe kurejeshwa. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Tano, penye uwezo ziwepo seva mbili zenye daftari moja. Mara nyingi kiraka kinaweza kuanza kwa ile ya akiba, kisha kazi ihamishiwe huko, ndipo ya kwanza nayo ishughulikiwe. Kwa njia hiyo saa nne za kufunga zinaweza kuwa dakika chache. Ni gharama, lakini gharama hiyo iwekwe mizani pamoja na wiki tatu za kuandika kwa mkono.

Sita, kazi isihesabiwe kwamba imekwisha mpaka imehakikiwa. Ziko kanzidata ambazo kiraka chake kina hatua mbili, moja katika mafaili ya programu na nyingine ndani ya daftari lenyewe. Wapo wanaofanya ya kwanza wakaenda nyumbani. Hicho ni kiraka nusu, na kiraka nusu humpa mkubwa usingizi mzito asioustahili.

Mwisho, fundi anayekesha usiku wa Jumamosi alipwe haki yake, na anayekataa kutoa ruhusa aandike kukataa kwake kwa sahihi yake. Nina hakika sahihi hiyo peke yake itafungua milango mingi. Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sioni mtu atawezaje kusema anazilinda ikiwa kiraka kimelala mezani pake kwa miezi 16.

Nanyi wananchi wenzangu, mkiliona tangazo la matengenezo, ulizeni maswali mawili: je, limetolewa mapema, na je, huduma imerudi kwa saa iliyoahidiwa? Likitimiza hayo, vumilieni. Lisipotimiza, lalamikeni kwa sauti kubwa. Wazee walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi katika ofisi yetu tuliujenga ukuta huo kwa wiki tatu, na aliyeulipia ni yule mama.

Msomaji wako,

Mtunza Kanzidata Mstaafu,
Morogoro.