Soko la uchapaji Saza: kitambaa kwanza, mashine baadaye

BIASHARA ya kuchapa picha na maandishi kwenye fulana, jezi na vikombe imeenea katika miji mingi nchini. Kata ya Saza, iliyo katika Wilaya ya Songwe ndani ya eneo kongwe la dhahabu la Lupa, haikosi wateja wa bidhaa hizo: timu za mpira, shule, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za harusi na familia zenye msiba. Lakini mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika soko hili kwa njia ya sablimesheni ana jambo moja la kulipima kabla ya kulipia mashine. Jambo hilo ni kitambaa.

Katika sablimesheni, picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa na kubanwa kwa mashine ya joto la nyuzi 190 hadi 200 hivi za Selsiasi kwa muda usiofika au unaokaribia dakika moja. Wino mkavu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji, ukaingia ndani ya nyuzi za poliesta. Kitambaa kikipoa, rangi hubaki humo. Ndiyo sababu jezi iliyochapwa hivyo haibanduki maandishi wala haiwi nzito, na hufuliwa mara nyingi bila kuchuja.

Pamba haina sifa hiyo. Nyuzi zake hazipokei mvuke wa wino huo, na rangi inayoonekana siku ya kwanza huondoka na maji ya kufulia. Kitambaa kilichochanganywa nusu pamba nusu poliesta hutoa picha iliyopauka, kwa kuwa nyuzi za poliesta peke yake ndizo zilizoshika rangi. Aidha, wino wa aina hii hauna rangi nyeupe na hupenya mwanga, hivyo kitambaa cheusi au cha bluu nzito hakifai hata kikiwa poliesta tupu. Bidhaa inayotakiwa ni nyeupe au yenye rangi hafifu.

Hasara huanzia hapo. Familia inayoagiza fulana 50 zenye picha ya marehemu huagiza kwa siku moja na haina muda wa kurudisha. Kama fundi ametumia fulana za pamba kwa sababu ndizo alizozipata kwa bei nafuu, picha itafifia baada ya kufuliwa, na aliyelipa ataona ametapeliwa katika jambo la heshima. Katika kata ambako habari husafiri haraka, oda moja ya namna hiyo inatosha kufunga duka.

Mifuko nayo ni mtego. Tangu Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mifuko mbadala inayofanana na kitambaa imejaa madukani, na wenye maduka wanapenda iwe na majina yao. Mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka katika nyuzi 160 hivi. Ikiwekwa chini ya mashine ya nyuzi 190 hunata na kuharibika. Mifuko hiyo ni kazi ya uchapaji wa skrini.

Vikombe vina sharti lake. Kikombe cha kawaida cha dukani hakishiki picha. Kinachotakiwa ni kile kilichopakwa kiwandani tabaka la kupokea wino. Sharti hilohilo linahusu vibao vya alumini, vioo na mbao. Mabango ya poliesta yanachapika vizuri, ila jua kali hupausha rangi zake, na mteja anayetaka bango la kukaa nje mwaka mzima anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Wapo wanaosema filamu ya DTF imemaliza tatizo, kwa kuwa hubandikwa kwenye pamba na kitambaa cheusi. Ni kweli inafaa huko. Lakini filamu hukaa juu ya kitambaa, na picha kubwa kifuani huzuia hewa na kumchosha mchezaji anayekimbia juani. Kwa jezi, sablimesheni bado ina nafasi yake. Kwa fulana za pamba, skrini au filamu ndiyo njia. Fundi mwenye busara huuza kila kazi kwa njia yake.

Katika hali hiyo, wauzaji wa jumla wa Tunduma na miji mingine wanapaswa kuandika kwenye risiti aina ya kitambaa, badala ya kuandika "fulana" peke yake. Mnunuzi wa Saza akigundua kosa, nauli ya kurudisha mzigo ni juu yake. Mamlaka za viwango nazo zingefanya vema kusisitiza lebo inayosema ukweli kuhusu kiasi cha pamba na poliesta.

Kwa sasa mnunuzi anaweza kujilinda kwa kiberiti. Achomoe uzi mmoja na kuuchoma: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Uzi unaotoa vyote viwili ni mchanganyiko. Achape pia fulana moja na kuifua kabla ya kupokea malipo ya awali ya oda nzima. Fulana moja iliyoharibika ni gharama ndogo. Hamsini ni mtaji.