Tusinunue Ngoma, Tununue Ngozi

Tangu muhula huu uanze, maneno yanayosikika sana mabwenini na kwenye uwanja wa gwaride ni kwamba ngoma kubwa ya bendi yetu imekufa. Wengine husema imezeeka, wengine husema mbao zake zimeoza, na wako wanaotaka wazazi waombwe fedha katika mkutano ujao ili inunuliwe ngoma mpya. Mimi nami ni mwanabendi, na nina maoni yaliyo kinyume cha hayo. Nasema kwamba ngoma haijafa. Zilizokufa ni ngozi zake mbili, na hata hizo zimekufa kabla ya siku zake kwa ajili ya namna zinavyokazwa. Ikinunuliwa ngoma mpya ikakazwa vivyo hivyo, baada ya mihula michache itakuwa inalia kama hii, ila fedha za wazazi zitakuwa zimekwisha kwenda.

Kwanza tujiulize sauti ya ngoma hutoka wapi. Mzinga wa mbao kazi yake kubwa ni kuzishika ngozi mbili zikabiliane, na kuifungia hewa katikati yao. Mkwiro, yaani kile kirungu chenye kichwa cha sufu, ukigonga ngozi ya upande mmoja, ngozi huisukuma hewa iliyo ndani, na hewa huisukuma ngozi ya upande wa pili, zikatikisika zote mbili. Mzinga nao una mchango wake, sikatai, lakini ni mdogo ukilinganishwa na ule wa ngozi. Mpe fundi mzinga wa kawaida wenye ngozi nzuri, atakupa mdundo wa kukutoa kitandani. Mpe mzinga wa thamani kubwa wenye ngozi zilizochoka, hatapata kitu ila mlio wa debe tupu.

Huenda msomaji asiye mwanabendi akauliza, yote haya ya nini? Jibu lake liko miguuni. Katika gwaride ni ngoma kubwa inayouambia mguu wa kushoto uanguke lini. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Ikiwa safu zetu zimejipanga barabarani nyuma ya bendi kwa urefu wa mita 68, mtu wa mwisho huusikia mdundo sehemu moja ya tano ya sekunde baada ya bendi kuupiga. Na kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hatua moja huchukua nusu sekunde tu. Basi hata ngoma ikiwa nzuri kabisa, watu wa nyuma wana udhuru kidogo. Sasa ongeza juu ya hapo mdundo usiojulikana unapoanza wala unapokwisha, unaovuma kama ngurumo ya mbali, na utaelewa kwa nini siku ya mahafali safu za nyuma zilitembea kama watu wanaorudi sokoni. Wakagombezwa wao, na ngoma haikugombezwa.

Ninaposema ngozi, sisemi ngozi ya mnyama. Zamani ilikuwa hivyo. Ngoma za bendi za Ulaya na Marekani ziliwambwa kwa ngozi ya ndama, kama vile ngoma zetu za asili zinavyowambwa kwa ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi. Wala ngoma kubwa ya bendi si mgeni wa juzi hapa kwetu. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za askari, na baadaye vyama vya Marini na Arinoti vikashindana sana katika miji ya Tanganyika. Wapigaji wa siku hizo walijua jambo moja ambalo kila mpiga ngoma wa kijijini analijua hata leo: ngozi ya mnyama hunywa unyevu ikalegea, na ikikauka hukaza. Ndiyo sababu ngoma huwekwa karibu na moto kabla ya kuchezwa.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1956 na 1957, ambapo Wamarekani wawili, Chick Evans na Remo Belli, kila mtu kwa upande wake, walianza kuuza ngozi za ngoma zilizotengenezwa kwa plastiki nyembamba iitwayo poliesta. Plastiki hiyo hainywi maji. Mvua ikinyesha haijali, na masika yakija haijali. Ngozi za ngoma yetu ni za namna hiyo, na karibu zote zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya bendi za shule ni za namna hiyo. Kwa hiyo ile desturi ya kuianika ngoma kubwa juani nusu saa kabla ya gwaride, eti ipate kukaza, haina maana yoyote. Ni dawa nzuri aliyopewa mgonjwa mwingine.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni kipimo, na hapa ndipo fedha hupotea bure. Ngozi huuzwa kwa inchi, na inchi hizo hupimwa kwenye mzinga wenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, baada ya kuziondoa zile pete mbili za kubania. Anayepima pamoja na pete atarudi dukani. Mzinga wa sentimita 66 unataka ngozi ya inchi 26, na wa sentimita 71 unataka ya inchi 28. Hakuna njia ya kati.

Jambo la pili ni unene. Ziko ngozi za tabaka moja, ambazo unene wake wa kawaida ni kama robo ya milimita, na ziko za matabaka mawili yaliyolazwa pamoja, kila moja likiwa na unene wa karibu milimita 0.18. Za matabaka mawili hustahimili mikono mizito, na mlio wake hukatika upesi, lakini sauti yake haiendi mbali kama ile ya tabaka moja. Wauzaji wengi hupenda kuwashauri walimu wanunue nene kwa kuwa "watoto wa shule hawana huruma". Mimi nasema hapana. Ngoma kubwa ya gwaride hupigwa kwa kichwa laini cha sufu, si kwa fimbo, na ngozi ya tabaka moja iliyokazwa sawasawa huvumilia kichwa hicho muda mrefu. Kinachoichana ngozi kabla ya wakati wake ni mkwiro ulioisha sufu ukabaki mti mtupu, na mkwiro mpya ni rahisi kuliko ngozi. Tena tuchague ile nyeupe iliyopakwa rangi yenye ukwaru kidogo, maana rangi hiyo hupunguza zile kelele kali za juu. Ikiwezekana, tuchague ile yenye mkanda mwembamba wa sifongo uliobandikwa ndani karibu na ukingo, kwa sababu mkanda huo huukata mwangwi bila kuuziba mdundo wenyewe.

Lakini ngozi bora haifai kitu mikononi mwa mtu anayeikaza ovyo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo penye ugomvi wote. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Walikuwa wakisema habari za tabia za watu, lakini maneno yale ni kweli tupu juu ya ngoma yetu. Anayekaza huanza na skrubu iliyo karibu naye, akaikaza mpaka mwisho, kisha akaenda ya pili, na ya tatu, akizunguka. Akifika ya mwisho, ngozi imekwisha kuvutwa upande mmoja, na haitarudi tena. Ngozi iliyovutwa hivyo hutoa sauti mbili zilizokaribiana lakini zisizolingana, na hizo zikikutana hugombana. Ndiyo maana mlio wake huyumba ukipanda na kushuka kama king'ora kilicholewa. Hakuna mbao iliyooza hapo.

Ifaavyo ni hivi. Vua ngozi kuukuu, pangusa ukingo wa mzinga mpaka usiwe na vumbi wala mchanga, tia tone la mafuta katika kila skrubu. Weka ngozi mpya, weka pete, kisha kaza skrubu zote kwa vidole tu mpaka ziguse. Ndipo utwae ufunguo wake, ukakaza nusu mzunguko skrubu moja, kisha ile inayoikabili ng'ambo ya pili, kisha uende kando na ng'ambo yake tena, mpaka zote zipate nusu mzunguko. Ikandamize ngozi katikati kwa kiganja ikae vizuri juu ya ukingo. Ikialika kidogo usiogope, ni gundi tu iliyo katika pete yake. Endelea hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka mikunjo yote iondoke. Baada ya hapo weka sikio karibu, na uguse ngozi kwa kidole sentimita 5 kutoka kila skrubu. Penye sauti ya chini kaza kidogo, penye sauti ya juu legeza, mpaka pote pajibu kwa sauti moja. Kazi hii huchukua karibu saa nzima ukiifanya kwa utulivu. Kesho yake irudie, maana ngozi mpya hutanuka ikilala.

Wenzetu wanaosoma fizikia watauliza, je, tuitafutie ngoma noti gani? Uzi wa gitaa, pamoja na sauti yake ya msingi, hutoa nyingine zilizo mara 2, mara 3 na mara 4 ya ile, na kwa hiyo sikio huisikia noti moja safi. Ngozi ya duara haifanyi hivyo. Sauti zake za juu huwa kiasi cha mara 1.59, 2.14 na 2.30 ya ile ya msingi, hesabu zisizopatana. Basi tusihangaike na noti. Tutafute usawa wa kila upande, na usawa wa ngozi zote mbili, kwa sababu ngoma yetu hupigwa kuume na kushoto na haifai mkono mmoja useme hivi na wa pili useme vingine.

Kuna makundi mawili ambayo siafikiani nayo kabisa. La kwanza ni lile la "kaza mpaka ilie". Hao husahau kwamba ili sauti ipande mara 2, mvuto wa ngozi sharti uongezwe mara 4. Wanaichosha plastiki, wanapinda skrubu, na wanachopata ni ngoma kubwa inayolia kama ndogo. La pili ni wale wanaolegeza kisha wakajaza blanketi ndani. Jambo hilo wameliona kwa wapigaji wa muziki wa dansi, ambao ngoma yao hukaa chini na kupigwa kwa kanyagio upande mmoja tu, tena mara nyingi mbele ya maikrofoni. Hao hutia mto ndani, na huitoboa ngozi ya mbele tundu la sentimita 10 hivi, nao wana haki yao. Sisi hatuna maikrofoni barabarani. Ngoma iliyoshiba blanketi husikika vizuri sana kwa anayeibeba, na kwa mwingine yeyote haisikiki. Na yeyote atakayeleta kisu karibu na ngozi ya bendi yetu kwa nia ya kutoboa tundu, ajue kwamba atakuwa ameharibu upande mzima wa kupigia.

Nakubali kwamba iko hali moja ambayo ngozi haiwezi kuitibu. Mzinga ukiwa umepinda, au ukingo wake umemeguka, hakuna namna ya kuikaza ngozi ikakaa sawa. Lakini jambo hili halihitaji kubishaniwa bwenini, linapimwa kwa dakika tano. Mzinga uvuliwe ngozi zote mbili, usimamishwe juu ya sakafu iliyo tambarare kabisa, giza liingie, na tochi iwashwe ndani yake. Panapopenya mwanga chini ya ukingo ndipo penye kasoro. Kisha ugeuzwe, upande wa pili upimwe vile vile. Kama mwanga utapenya pengi, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono ombi la ngoma mpya. Nimeutazama ukingo ule mchana kwa macho yangu na kuupapasa kwa kidole, wala sikuona penye kumeguka. Hata hivyo tochi itasema vizuri zaidi.

Kwa hiyo ninaiomba kamati ya bendi, kabla ya mkutano wa wazazi, ifanye jaribio hilo la tochi mbele ya wanabendi wote. Mzinga ukionekana mzima, ombi litakalopelekwa kwa wazazi liwe la ngozi mbili za tabaka moja, mikwiro miwili yenye sufu, na ufunguo mmoja wa ngoma. Ufunguo huo usikose, kwa sababu skrubu zetu zimeliwa pembe na koleo, na nyingine mbili hivi karibuni hazitashikika tena. Na akabidhiwe mwanabendi mmoja tu, wa kidato cha pili au cha tatu ili akae nao walau mwaka mmoja na kumfundisha atakayemfuata. Wengine wote tupige, na tusiguse skrubu.

Mwanabendi, Kidato cha IV