Tarishi Uliyemkabidhi Barua Zako

Mwezi uliopita nilikaa barazani na mama mdogo, akanipa simu yake niiangalie. Bando lilikuwa haliishi wiki, simu inapata moto hata akiwa hajaigusa, na matangazo yanamrukia usoni kila akiiwasha. Juu ya kioo, karibu na saa, niliona alama ndogo ya ufunguo.

"Hiyo aliniwekea kijana wa jirani," akasema. "Kuna mtandao ulikuwa haufunguki. Tangu hapo sijaitoa."

Ule ufunguo ni alama ya VPN. Mwaka mzima kila alichofungua mama mdogo kilipitia mikononi mwa watu ambao yeye, mimi na huyo kijana hatuwajui. Ndiyo sababu nakuandikia, ndugu msomaji. VPN ni kitu kizuri na ningependa wengi zaidi waitumie. Naomba tu tusiipokee kama peremende.

Ukifungua tovuti yoyote, ombi lako hupita kwanza kwa kampuni yako ya simu, au kwa mwenye waifai ya hoteli, ya chuo, ya stendi ya basi. Siku hizi tovuti nyingi hufumba mazungumzo yake. Zile herufi https mwanzoni mwa anwani ndizo zinazokuambia hivyo. Ni barua iliyofungwa vizuri, ila juu ya bahasha anwani inasomeka. Anayeibeba hajui ulichoandika, lakini anajua umemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Leo benki, kesho kliniki, usiku wa manane tovuti ya ushauri kwa wanawake wanaopigwa majumbani. Mtu akikaa miezi 6 akihesabu bahasha zako, atakufahamu kuliko jirani yako.

VPN huichukua bahasha hiyo na kuitia ndani ya bahasha nyingine kubwa, ikaifunga kwa ufunguo ambao kampuni ya simu hainao, kisha ikaipeleka kwenye seva yake, labda Nairobi, labda Amsterdam. Huko bahasha ya nje hufunguliwa, ya ndani ikaendelea na safari ikiwa na anwani ya seva badala ya anwani yako. Mwenye waifai anabaki kuona jambo moja tu: kwamba simu yako inazungumza na seva fulani. Kwa dada anayetafuta msaada bila mumewe kujua, kwa kijana anayesoma kuhusu dawa za VVU akiwa kwenye waifai ya bweni, kwa mwandishi wa habari anayewasiliana na mtoa taarifa, hiyo ni heshima kubwa.

Sasa mtazame tarishi mwenyewe, yaani mwenye VPN. Anwani zile ambazo kampuni ya simu haizioni tena, yeye anaziona zote. Hukuifuta hatari, umeihamishia kwa mtu mwingine, na usalama wako wote unategemea huyo mtu ni nani. Ukiniuliza, hilo ndilo la kujua kuhusu VPN kuliko mengine yote, na ndilo matangazo yake hayalisemi.

Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na programu ya bure ya VPN. Watu waliambiwa inawalinda. Nyuma ya pazia ilikuwa ikikusanya habari za programu wanazotumia na muda wanaozitumia, na Facebook ikazisoma ili kuwajua washindani wake. Apple iliilazimisha itoke dukani mwake Agosti 2018, na Julai 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia ikazitoza kampuni mbili tanzu za Meta, mmiliki wa Facebook, faini ya dola milioni 20 za huko kwa kuwapotosha watumiaji. Hao ni watu wenye jina na ofisi. Mwaka 2016 watafiti wa Australia na Marekani walipima programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikuwa zikifumba chochote. Bahasha haikuwapo kabisa.

Nasi huku tunazipakua tukiwa na haraka. Julai 2018 Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, watu wengi walikimbilia VPN ili kuikwepa kodi hiyo. Tanzania ilikuwa vivyo hivyo Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka. Siku kama hizo nani anauliza mwenye programu ni nani? Unachukua ya kwanza yenye nyota nyingi na neno bure. Rahisi ghali, na gharama yenyewe inalipwa polepole, kwa bando na kwa siri za nyumbani.

Kwa hiyo chagua siku ambayo huna haraka. Anza na jina la kampuni: imesajiliwa nchi gani, inaongozwa na nani, inapata wapi fedha. Seva zinakula umeme na watu wanataka mishahara. Kama wewe hulipi, tafuta anayelipa. Kuna za bure zinazoeleweka. Proton VPN, kwa mfano, wateja wanaolipa ndio wanaowabeba wasiolipa, na msimbo wa programu zake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Kisha uliza wanahifadhi nini. Kila mmoja atakuambia hahifadhi kumbukumbu, na maneno hayo peke yake hayatoshi: Julai 2020 VPN saba za bure zilizoapa hivyo hivyo zilikutwa zimeacha kumbukumbu za watumiaji wazi mtandaoni. Tafuta ushahidi. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika kwenye ofisi za Mullvad, kampuni ya VPN, mjini Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakitaka kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa taarifa walizozifuata hazikuwapo.

Kuhusu ufundi sina mengi. VPN yako itumie WireGuard au OpenVPN, mifumo miwili ambayo wataalamu wameichunguza miaka mingi. Kwenye mipangilio ya Android washa sehemu mbili: ile ya VPN kuwaka muda wote, na ile inayozuia muunganisho wowote usiopitia humo, ili VPN ikikatika ghafla simu isirudi kuzungumza hadharani.

Ujue pia isichoweza. Ukiingia Facebook kwa jina lako, Facebook inakujua hata ukipitia seva kumi. Tapeli akikupigia umtajie namba ya siri, VPN haitamzuia. Mtandao ukizimwa kabisa, kama Uganda siku za uchaguzi wa Januari 2021, hakuna njia ya kupitishia bahasha yoyote. Na isome sheria ya nchi uliyopo. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watu na kampuni za huko ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya mwezi kwisha. Mimi naamini faragha ni haki ya raia, na Katiba ya Tanzania inaitaja katika ibara ya 16. Basi tulizungumze hilo waziwazi na wabunge wetu, huku kila mmoja akijua anaposimama.

Gharama isikutishe. Mullvad ni euro 5 kwa mwezi kwa vifaa vitano, yaani nyumba nzima. Tunachangiana harusi na misiba. Hili nalo tunaliweza. Ninachokuomba wiki hii ni kukaa na mzazi, shangazi, mdogo wako, mtazame simu pamoja. Usimpokonye. VPN inapowashwa mara ya kwanza, simu huonyesha kisanduku kinachosema kwamba programu hii itaweza kufuatilia shughuli zako mtandaoni, kubali tu kama unakiamini chanzo chake. Simu yenyewe inasema kweli, nasi tunabonyeza sawa. Msomee kwa sauti.

Mama mdogo nilimsomea. Akavua miwani, akaniuliza, "Chanzo chenyewe nani?" Tukatafuta pamoja. Ukurasa wa programu ulikuwa na anwani ya barua pepe na picha ya ngao, hakuna jina la mtu wala la nchi. Dakika kumi zikapita.

"Itoe," akasema, akanyanyuka kwenda kutazama chai.